Chuma cha taulo kimeng'oka mara ya tatu, na mavyaa ndiye anayekishika

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Tunakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. Miaka minne nyuma tulikata pembe ya chumba cha juu tukafanya bafu na choo cha kukaa, kwa kuta za jipsamu, maana tuliambiwa matofali yataelemea boriti. Chuma cha kutundikia taulo kilianza kutikisika hata mwaka haujesha. Fundi wa kwanza alitia njiti za kiberiti na gundi. Wa pili akajaza saruji nyeupe. Wa tatu akatia fisha kubwa zaidi, zile plagi za plastiki zinazoshika skrubu ukutani. Wiki iliyopita kimetoka na kipande cha ukuta, pamebaki shimo la kiganja kizima, ndani unga mweupe unamomonyoka. Rangi ya chini yake imefanya malengelenge. Nataka kirudi palepale, maana ndipo mavyaa wangu anapojishikilia akitaka kuinuka chooni, na nikikihamisha atababaika. Nifungie kitu gani kisichong'oka tena?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikaanza kukuandikia habari za fisha. Mara ya pili jicho likatua pale kwa mavyaa, nikafuta yote niliyoandika.

Wewe unaniuliza habari ya taulo. Taulo kubwa la kuogea, hata likitota maji, halifiki kilo 3, na ukuta wa jipsamu uliofungwa vizuri unalibeba miaka bila kulalamika. Kilichong'oa chuma chako ni mtu. Mtu mzima anayejiinua kwenye choo huku magoti hayamsaidii anaweza kukiachia chuma kilo 30 za mwili wake kwa mpigo mmoja. Na hizo 30 hazifiki ukutani zikiwa 30.

Kitazame kinavyokaa. Kimejitenga na ukuta, tuseme kwa sentimita 8. Kitako chake kinachogusa ukuta ni kidogo, kama sentimita 5 tu, na skrubu ya juu iko kiasi cha sentimita 4 kutoka ukingo wa chini wa hicho kitako. Mavyaa akikibonyeza karibu na ncha moja, kitako hujikita kwa ukingo wake wa chini, kikageuka mtaimbo. Skrubu ya juu inavutwa nje kwa 30 mara 8, gawa kwa 4. Kilo 60 hizo, zote kwenye skrubu moja. Na hiyo skrubu imeshikwa na bodi ya milimita 12.5, yaani unga wa jipsamu uliogandishwa katikati ya karatasi mbili. Jipsamu ni jiwe laini kiasi kwamba ukucha wako unalikwaruza. Ajabu si kwamba kimeng'oka. Ajabu kilikaa mwaka.

Sitaki uwalaumu sana wale mafundi watatu, maana kila mmoja alijibu alichoulizwa, naye aliulizwa kuziba tundu. Njiti za kiberiti ni dawa nzuri ya tundu lililolegea kwenye mlango wa mbao, kwa sababu mbao inabana kutoka pande zote. Jipsamu haibani. Saruji nyeupe haishiki kwenye vumbi wala karatasi, inakaa mle kama kokoto mfukoni, na ndani ya jipsamu mna salfeti ambayo ikipata unyevu huila saruji polepole. (Hiyo saruji nyeupe nami niliwahi kuitumia nilipokuwa kijana, na niliwahi kuitwa kurudi, kwa hiyo nasema nikijijua.) Ama fisha, hizo zilitengenezwa kwa ukuta mgumu. Unakaza skrubu, fisha inatanuka, ukuta unakataa, na katika kukataa kule ndimo nguvu ilimo. Jipsamu haikatai, inapasuka tu. Kila fundi alikuachia tundu kubwa kuliko alilolikuta, ndiyo maana leo una kiganja.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hakuna. Hakuna fisha, gundi wala kipepeo (skrubu yenye mbawa zinazofunguka nyuma ya bodi) ambacho nitakubali mavyaa wako ajiinulie. Uzito wa mtu haupewi ngozi ya ukuta. Unapewa mifupa, zile nguzo zilizosimama ndani, na kama mifupa haiko pale mkono unapotaka kushika, tunaitia. Kazi hiyo inawezekana, na palepale anapopazoea inshallah, ila haitakuwa kazi ya adhuhuri moja.

Lakini kabla ya mfupa kuna maji. Malengelenge ya rangi chini ya shimo hayakuletwa na mavyaa. Bodi inayopata maji hupoteza nguvu, karatasi inaachana na unga, kisha karatasi ile ile inakuwa chakula cha kuvu. Ukibonyeza kwa dole gumba pale kwenye malengelenge pakabonyea, bodi hiyo imekwisha. Usiambiwe itakauka irudi. Itakauka, kurudi hairudi. Na ukifunga bodi mpya bila kujua maji yalikotoka, utaniandikia tena baada ya masika.

Yanaweza kutoka mahala pengi, nami siioni nyumba yako, kwa hiyo nitakupa njia za kuyanusa. Anza na bomba. Usiku watu wakishalala, funga matumizi yote, tia alama ya kalamu kwenye tangi usawa wa maji, na pampu izimwe. Alfajiri kabla ya mtu kutawadha nenda kaangalie. Maji yakiwa yameshuka, bomba linavuja mahali, na huenda ni ndani ya ukuta huo huo. Hapo muite fundi bomba kwanza, mimi nisubiri.

Kama tangi halikushuka, kata kipande cha nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, ukibandike juu ya ukuta kwa tepu pande zote nne, mahali palipo karibu na malengelenge lakini bado pagumu. Kiache siku mbili. Umande ukikaa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi unyevu unatoka ndani. Ukikaa mbele, upande wa chumba, ni mvuke wa maji ya moto na bafu lisilo na dirisha, na dawa yake ni feni ya kutolea hewa au hata dirisha dogo la juu.

Sehemu nyingine watu wanayoisahau kwenye nyumba za Mji Mkongwe ni pembe ile ambapo jipsamu inakutana na ukuta wa asili. Ukuta wako wa zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unapata nusu mita au zaidi, na ukuta wa namna hiyo unapumua. Unanywa maji wakati wa masika, unayatoa kidogo kidogo kaskazi ikivuma. Bodi iliyogandishwa moja kwa moja kwenye ukuta huo inanywea pamoja nao. Fundi wako aliyejenga bafu alitakiwa aache nafasi au atie ukanda wa kuzuia unyevu katikati. Pitisha mkono pembeni pale chini. Ukiona unga mweupe wa chumvi, hapo ndipo yanapopitia.

Na mwisho, aibu kidogo: lile tundu lenyewe. Chuma kilichotikisika miaka mitatu kiliacha mwanya kuzunguka skrubu, na kila taulo bichi lilipotundikwa, tone liliteremka likaingia. Mara nyingi nikifungua ukuta wa namna hii nakuta mstari wa kutu unashuka kutoka kwenye tundu la skrubu hadi chini, kama machozi. Nisingeshangaa kwako ukawa ndio huo.

Haya, tuseme maji yamejulikana. Sasa tunafungua ukuta, na hapa sitaki uzibe kile kiganja tu. Kwa kuwa bodi ya chini imeshaharibika, toa yote katika nafasi iliyo baina ya nguzo na nguzo, kuanzia sakafuni hadi kiasi cha sentimita 120 juu. Utaona kama ni ubomoaji mkubwa, lakini bodi ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika kazi hii, na tundu kubwa lenye pembe nne zilizonyooka ni rahisi kuziba kuliko dogo lililopinda.

Nguzo utazipata hivi. Gonga kwa kifundo cha kidole ukienda mlalo. Penye uwazi panalia kama ngoma, penye nguzo sauti inakufa. Kisha chukua sumaku, hata ya spika mbovu, uipitishe polepole. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizofungia bodi, na skrubu hizo zimejipanga kwenye mstari wa nguzo. Kawaida katikati ya nguzo moja na nyingine ni sentimita 40 au 60. Ukishapata mbili unazijua zote. Kama kuna marumaru juu yake, kugonga kutakudanganya, tumia sumaku au pima kwa upande wa pili wa ukuta.

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kutia msumeno, si swichi ya bafuni tu. Na usikate kwa grenda. Kata kwa msumeno mdogo wa mkono, ncha isiingie zaidi ya sentimita 2, kwa sababu nyuma ya bodi hujui nani amepitisha nini. Mimi niliwahi kutoboa bomba kwenye nyumba ya wageni moja kule pwani ya mashariki, mkesha wa Idi, maduka yamefungwa, na mwenye nyumba amesimama mlangoni na kanzu yake mpya. Bomba lilikuwa limepita mlalo mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili angelipitisha. Tangu siku hiyo nachungulia kwanza na tochi. Wewe una bahati, shimo lipo tayari, ingiza simu yako mle upige picha kushoto, kulia, juu na chini.

Vaa barakoa, dada, na watoto wasiwepo. Kuvu iliyokaa miaka ukutani ikipeperuka si kitu cha kuvuta. Bodi zilizooza zitie mfukoni humo humo bafuni kabla hujazishusha ngazi.

Sasa mfupa. Ukifungua utakuta nguzo za mbao au za bati jembamba lililokunjwa. Siku hizi karibu zote ni bati, na unene wake ni kama nusu milimita. Zinatosha kabisa kubeba bodi. Kubeba mtu, hapana, skrubu inageuka ndani yake mara mbili tatu kisha inazunguka bure. Kwa hiyo simamisha mbao mbili za inchi 2 kwa 4, kila moja kando ya nguzo yake, kitako kikae sakafuni kabisa, uzifunge ubavuni mwa nguzo kwa skrubu kila sentimita 20. Zikisimama sakafuni, uzito wa mavyaa unateremka kwenye mbao hadi chini, lile bati halibebi chochote ila kuzuia mbao isiyumbe. Kisha baina ya mbao hizo mbili laza mlalo ubao wa inchi 2 kwa 6, uso wake uwe sawasawa na uso wa nguzo ili bodi mpya ilale juu yake bila kubenuka. Ufunge kila ncha kwa skrubu nne za mshazari au, bora, ukalie juu ya vipande vidogo vya mbao vilivyofungwa chini yake. Ndiyo maana nataka ubao mpana: urefu wa mahali pa kushika ukibadilika kwa kidole kimoja au viwili bado utaangukia kwenye mbao.

Mbao iwe iliyotiwa dawa, na pale ulipokata kwa msumeno paka dawa tena, kwa sababu mchwa wa Mji Mkongwe hauhitaji kualikwa. Mbao mbichi usiiweke, itakauka ndani ya ukuta, ikajikunja, na skrubu zikalegea bila mtu kuzigusa.

Kabla ya kufunga, egemea ukuta huo kwa bega. Ukiyumba mzima, kasoro iko juu, pale fremu ilipofungwa kwenye dari, na ni vizuri umegundua sasa. Kisha piga picha ubao ukiwa wazi, na futikamba ikionekana pembeni. Miaka kumi baadaye mtu atataka kufunga kitu kingine hapo, na hiyo picha itamwambia mbao iko wapi.

Bodi mpya iwe ile ya kijani, ya sehemu zenye unyevu. Si kwamba haitoti maji, inachelewa tu, na huo uchelewaji ndio tunaoununua. Ukingo wake wa chini usiguse sakafu, acha upenyo wa sentimita moja, maana bodi inayogusa sakafu ya bafu hunyonya maji kama utambi. Upenyo huo utauziba kwa silikoni. Maungio uyapige tepu ya wavu na unga wa kujazia mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukauke kabisa. Wakati wa kaskazi ni siku moja, masika hesabu mbili na feni ikizunguka. Msasa, kisha dawa ya kuzuia maji ya kupaka kwa brashi, kisha marumaru au rangi. Hapa sina mengi ya kusema, fundi jipsamu yeyote anayajua.

Ninachotaka kukaa nacho ni skrubu, kwa sababu hapo ndipo pesa kidogo inapookolewa na kazi nzima inapopotea. Zile nyeusi za jipsamu ni za chumba cha kulala. Bafuni, tena kisiwani, hewa yenyewe ina chumvi, zitakula kutu na kutoa madoa ya kahawia kwenye rangi yako. Tafuta chuma kisichoshika kutu, na juu ya pakiti tazama alama: A2 ni ya kawaida, A4 ndiyo ya baharini. Kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka Forodhani mimi naweka A4. Ukienda Darajani au Mwanakwerekwe chukua ile sumaku ya spika mkononi. Chuma hicho halisi hakinaswi na sumaku, au kinanaswa kwa uvivu. Kikiganda kwa nguvu tak! basi si A2 wala A4, huenda ni chuma cha kawaida kilichopigwa mng'aro, mrudishie muuzaji kwa salamu njema. Fanya hivyo hivyo kwa chuma chenyewe cha kushikia, maana kile kilichong'oka kwako naamini kilikuwa cha mng'aro.

Tukija kwenye hicho chuma: usirudishe cha taulo. Hata nikikifungia kwenye boriti ya mkoko, chenyewe ni bomba jembamba lililochomekwa kwenye vitako kwa kijiskrubu kimoja kidogo cha chini, kitapinda au kitachomoka, na mavyaa ataanguka nacho mkononi. Nunua kishikio chenyewe cha msalani, kipande kimoja kisichoungwa, kitako chake kina matundu matatu. Kanuni za Marekani kwa majengo ya umma zinataka kishikio cha namna hiyo kistahimili pauni 250, yaani kama kilo 113, na kipimo hicho nakiona ni cha haki hata kwa nyumba ya mtu. Bomba lake liwe nene kiasi cha kujaza kiganja, kati ya sentimita 3 na 5. Baina yake na ukuta pawe na kama sentimita 4. Ikizidi sana mkono wa mzee ukiteleza unaweza kupenya mle na kukwama, na mkono uliokwama wakati mwili unaanguka ndio unaovunjika.

Urefu? Vitabu vinasema sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni. Lakini vitabu havimjui mavyaa. Kabla ya kuufunga ukuta, muweke akae chooni na nguo zake, mwambie anyooshe mkono anapopapenda, na wewe utie alama kwa kalamu. Mwambie ainuke huku wewe ukimshika mkono usawa wa ile alama, uone anavuta kuelekea wapi. Wazee wengine hawabonyezi chini, wanavuta kuelekea mbele, na kwa hao kishikio cha mshazari kinafaa kuliko cha mlalo. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mimi kama fundi siwezi kukufanyia, na ukiniuliza ndiyo yenye maana kuliko zote.

Toboa kwanza kwa ncha ya milimita 4, kisha skrubu nene ya milimita 6, urefu sentimita 6. Hesabu yake ni hii: marumaru na bodi vinakula kama sentimita 2, zinabaki 4 za kuuma kwenye mbao, na ubao wa inchi 2 una unene wa kutosha isitokezee chumba cha pili. Kaza kwa bisibisi ya mkono mizunguko ya mwisho, ukisikia mbao imeshika acha. Zungushia silikoni juu na pembeni mwa kitako, chini acha wazi. Watu wengi wanaziba duara zima wakidhani ndio umakini, kumbe maji yakipata njia ya kuingia hayapati ya kutokea. Mafundi wa majahazi Nungwi wanaopiga kalafati wanajua kila mshono wanauziba kwa sababu bahari iko nje na mtu yuko ndani. Bafuni ni kinyume, maji yatakayokuponza ni yale yaliyokwishaingia, na ule mwanya wa chini ndio utakaokwambia yapo.

Kisha kijaribu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Funga kamba kwenye kishikio, tundika ndoo mbili, halafu tatu, taratibu, karibu na ncha moja, uone. Baadaye mumeo ajining'inize kwa mikono miwili miguu ikigusa sakafu kidogo tu. Kikitikisika hata unywele, fungua utafute sababu. Mavyaa awe wa mwisho kukishika.

Na taulo? Taulo limebaki bila mahali, kweli. Hilo lipe ubao. Kipande cha mninga au msaji, upana sentimita 12, unene 2, kinachotoka nguzo moja hadi nyingine kwenye ukuta ule mwingine wa jipsamu ulio mzima, kifungwe kwenye nguzo zenyewe, kipakwe mafuta, na juu yake kulabu nne. Haking'oki kwa sababu nguzo za bati kwa taulo zinatosha, na tundu la kulabu likilegea unatoboa jingine pembeni yake ukutani pasipojua. Ama ukitaka chuma kilekile cha mng'aro kwenye bodi ngumu isiyo na nguzo, hapo kipepeo kinafaa, kile chenye mbawa zinazofunguka nyuma ya ukuta. Mbawa zinautandaza mzigo. Kwa taulo tu, tumeelewana.

Wazee wetu waliojenga nyumba hizo hawakuhangaika na haya. Walikuwa na ukuta mnene, wakauchimba kidaka, na kitu kikawekwa ndani ya ukuta badala ya kuning'inizwa juu yake. Ukiwa na kidaka kwenye ukuta wa zamani wa humo bafuni, usikizibe.

Nikionya jambo kuhusu huo ukuta wa zamani: usishawishike kuhamishia kishikio huko kwa kuwa ni jiwe. Lipu yake ya chokaa ni laini, mawe ya ndani hayana mpangilio, na drili ya kugonga italitikisa donge zima litoke. Inafungika, kwa kutoboa bila kugonga, kwa kina kirefu kupita lipu, na kwa nanga za kugandisha kwa gundi maalumu, lakini hiyo ni kazi ya aliyezoea kuta hizo. Na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo kabla hujachokoa ukuta wa asili ongea na Mamlaka ya Hifadhi. Saruji usiitie humo kabisa, inauziba pumzi na unyevu unatafuta njia pengine, labda kwenye hiyo jipsamu yako mpya.

Sasa la leo, maana kazi hii itachukua wiki nzima na mavyaa hawezi kusubiri wiki. Maduka ya vifaa vya hospitali yanauza fremu ya chuma inayokaa kuzunguka choo, miguu yake minne sakafuni, mikono miwili ya kushikia. Haigusi ukuta kabisa. Ipate hiyo kwanza, hata kwa kuazima. Ukisha kufunga kishikio, fremu iache palepale siku chache, na umuache achague mwenyewe mkono uende wapi. Ule mkono wake umezoea chuma chembamba chenye baridi, hiki kipya ni kinene, na mara ya kwanza gizani anaweza kukipapasa asikitambue. Kifungie kitambaa cheupe siku mbili za mwanzo, na taa ya chooni usiizime usiku.